Kukaza bolti za usukani, mhimili wake na mfuko wa hewa bila kubahatisha

Maswali ni yale yale. Nati ya katikati ya usukani ikazwe kiasi gani? Racheti na mkono havitoshi? Nimerudisha mfuko wa hewa, mbona taa ya SRS (mfumo wa mifuko ya hewa) haizimi? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayefungua usukani kwa sababu za kawaida: kubadilisha kloki springi (utepe wa waya unaozunguka na usukani na kupeleka umeme kwenye mfuko na honi) au swichi za indiketa, kuweka usukani mwingine, au kushusha mhimili (nguzo iliyobeba usukani) ili afikie kitu kilicho nyuma ya dashibodi.

Kama mfuko umeshafyatuka, au gari limegonga kwa mbele hata kama mfuko haukufyatuka, usitumie mwongozo huu peke yake. Mhimili wa usukani umetengenezwa ujikunje wakati wa ajali, na ukishajikunja kidogo tu haufai tena, hata ukionekana mzima. Huo hukaguliwa kwa kupimwa urefu, na mara nyingi hubadilishwa wote.

Unachohitaji mezani

- Kitabu cha ukarabati cha gari lako hasa: modeli, mwaka na toleo. Cha gari "linalofanana" hakikusaidii, kwa sababu kampuni ile ile hubadilisha bolti katikati ya uzalishaji na namba hubadilika nazo.
- Spana mbili za toki (nguvu ya kukaza, inayopimwa kwa Nm, yaani nyutoni-mita). Ndogo ya kuanzia Nm 5 hadi 25, na ya kati ya kuanzia Nm 20 hadi 100. Moja haitoshi, na sababu iko hapa chini.
- Biti za Torx (zenye ncha ya nyota), hasa T30 (ndiyo inayokutana na mifuko mingi), pamoja na T25 na T27.
- Soketi za milimita 10, 12, 14, 17 na 19, na ekstensheni ndefu na fupi.
- Pula (kifaa cha kuvutia) ya usukani yenye bolti mbili.
- Kalamu ya rangi nyeupe au ya njano.
- Bolti na nati mpya pale kitabu kinaposema zisirudiwe. Ziagize kabla hujafungua, maana gari lisilo na usukani haliendi dukani.
- Brashi laini ya waya, dawa ya kusafishia breki, kitambaa kisicho na nyuzinyuzi.
- Mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) inayofika kwenye SRS. Nyingi za bei ya chini husoma injini tu, kwa hiyo hakikisha mapema.
- Miwani ya kinga na taa ya kichwani.

Visivyohitajika, na viwekwe mbali kabisa: nyundo, mashine ya upepo ya kufungulia nati, na taa ya kupimia umeme. Kila kimoja kati ya hivyo vitatu kina namna yake ya kuharibu kazi hii.

Nadharia kidogo, kisha tunaendelea

Unapokaza bolti, karibu asilimia 90 ya nguvu yako huishia kwenye msuguano: takriban nusu chini ya kichwa cha bolti, na sehemu kubwa ya iliyobaki kwenye nyuzi. Asilimia kama 10 tu ndiyo inayovuta bolti na kubana vitu pamoja. Kwa hiyo badiliko dogo la msuguano hubadilisha ubanaji sana. Ukitia oili kwenye bolti ambayo kitabu kimeipimia ikiwa kavu, spana italia "klik" kwenye namba sahihi huku bolti imevutwa kupita kiasi. Ukiacha kutu na gundi ya zamani kwenye nyuzi, klik italia mapema huku bolti haijabana. Spana ya toki haijui tofauti. Usafi wa nyuzi ni sehemu ya kipimo.

Kuhusu spana mbili: spana ya klik huaminika zaidi kuanzia kama sehemu moja ya tano ya kipimo chake cha juu na kuendelea. Spana ya Nm 100 ukiiweka kwenye 9 unabahatisha, na mara nyingi husikii klik yoyote hadi bolti ikatike. Mifuko ya hewa mingi hukazwa chini ya Nm 10, na hapo ndipo wanaoanza huvunja bolti zao.

Namba zinafananaje

Hizi ni za kukupa picha, ili ukisoma kitabu chako ujue kama umekosea ukurasa. Kitabu cha gari lako ndicho kinachofuatwa.

- Bolti za mfuko wa hewa wa dereva: Nm 7 hadi 10. Toyota nyingi ni Nm 8.8, Honda nyingi ni Nm 9.8.
- Nati au bolti ya katikati ya usukani: kwa kawaida Nm 35 hadi 65. Toyota nyingi ni Nm 50, Honda nyingi ni Nm 39.
- Bolti za kushikilia mhimili kwenye boriti ya dashibodi: karibu Nm 15 hadi 25.
- Bolti ya kubana krosi ya shafti (kiungo cha shafti ya usukani na ya chini yake): karibu Nm 20 hadi 36.
- Skrubu za kloki springi na za vifuniko vya plastiki: ndogo mno kwa spana. Kaza kwa bisibisi ya mkono hadi zikae, kisha acha.

Angalia kipimo kabla ya kuangalia namba. Vitabu vya zamani na vya soko la Marekani huandika paundi-futi au paundi-inchi, na vya Kijapani huandika kilo-sentimita. Paundi-futi 1 ni Nm 1.356, paundi-inchi 1 ni Nm 0.113, kilo-sentimita 1 ni Nm 0.0981. Ile Nm 8.8 ya Toyota huandikwa pia paundi-inchi 78. Mtu akiisoma kama paundi-futi 78 ameweka spana kwenye Nm 106, mara kumi na mbili ya inavyotakiwa, kwenye bolti nyembamba kama kalamu. Haifiki hata robo ya safari kabla haijakatika.

Ukiona namba kama "30 Nm + 90°", maana yake kaza hadi Nm 30, kisha zungusha robo mzunguko zaidi bila kuangalia toki. Bolti ya namna hiyo huvutwa hadi irefuke kidogo, na kwa kawaida hutumika mara moja tu.

Kufungua, kwa ufupi

1. Unganisha mashine na usome kodi za SRS kabla ya kugusa chochote. Ziandike. Kama kulikuwa na hitilafu tangu mwanzo, usije kujilaumu nayo jioni.

2. Nyoosha tairi za mbele, usukani uwe katikati, zima gari na toa ufunguo. Gari la ufunguo wa mbali: weka ufunguo mbali na gari. Teremsha kioo kimoja ili usijifungie nje.

3. Tenganisha betri, upande wa hasi kwanza, na uifunike tamino (kichwa cha waya wa betri) kwa kitambaa isije ikarudi yenyewe. Kisha subiri. Kisanduku cha SRS kina kapasita zinazohifadhi umeme wa kufyatulia mfuko hata betri ikikatika wakati wa ajali, na zinahitaji muda kuishiwa. Toyota husema angalau sekunde 90, Honda husema dakika 3, na wengine huzidi hapo. Hakuna kampuni inayokulaumu ukisubiri dakika 10. Kwenye gari la haibridi au la umeme, betri inayotenganishwa ni ile ndogo ya volti 12; nyaya za rangi ya chungwa usiziguse.

4. Gusa chuma cha bodi kwa mkono mtupu ili kuondoa umeme tuli, kisha legeza bolti za mfuko kupitia matundu ya pembeni au nyuma ya usukani. Kwenye magari mengi bolti hizi hazitoki kabisa: hulegezwa hadi mfuo wake ukanase kwenye kikombe chake. Ukiendelea kuizungusha na kuivuta unaharibu kile kikombe. Baadhi ya magari hayana bolti kabisa, yana springi zinazosukumwa kwa bisibisi kupitia tundu. Hapo hakuna toki, kuna mlio wa kunasa tu.

5. Inua mfuko taratibu bila kuning'iniza waya. Fungua vifungo vya viunganishi (vya SRS kwa kawaida ni vya njano), kisha vichomoe kwa kushika plastiki, si waya. Beba mfuko ukiwa umeelekeza upande wa kifuniko mbali na mwili wako, na uulaze mezani kifuniko kikiangalia juu. Ukiulaza kifuniko chini na ukafyatuka, unaruka wote kama kombora. Usiweke kitu juu yake.

6. Usipime kiwashi cha mfuko kwa maltimita (kipima umeme), hata "kwa kuangalia tu kama kiko hai". Viwashi vingi hufyatuka kwa umeme wa kama ampia 1.2 kwa milisekunde 2. Mita nyingine hutoa umeme usioujua.

7. Legeza nati ya usukani huku mtu mwingine, au mkono wako wa pili, ukishika usukani. Usitegemee loki ya usukani ikushikie. Kile kipini chake hakikutengenezwa kubeba nguvu hiyo. Acha nati ikiwa imeshika nyuzi chache, weka alama ya rangi kwenye shafti na kwenye usukani, kisha tumia pula. Bolti za pula zisiingie ndani sana, maana nyuma yake ndipo ilipo kloki springi. Usukani ukishaachia, toa nati. Hiyo nati iliyobaki ndiyo inayokuzuia kujipiga usukani usoni.

   Usigonge shafti kwa nyundo. Ndani ya mhimili kuna pini na vibano vya plastiki au alumini vilivyowekwa vikatike wakati wa ajali. Nyundo huvikata leo, na hakuna taa ya dashibodi itakayokuambia.

8. Kloki springi ikitoka, au usukani ukiwa umetoka, ibandike kwa tepu isizunguke. Mhimili ukitolewa, weka alama kwenye krosi na shafti kabla ya kuchomoa, kisha ulaze mhimili mahali tambarare. Usiusimamishe kwa shafti, na usifungue lile goti la kupandisha na kushusha usukani ukiwa nje ya gari.

Kufunga na kukaza

Hapa ndipo kazi ilipo. Usiharakishe kwa kuwa tu vitu vinarudi kwa urahisi.

1. Safisha na kagua kila bolti. Nyuzi zipigwe brashi na dawa, zikauke. Tafuta nyuzi zilizolala, shingo iliyokonda katikati, na kutu iliyochimba. Bolti yenye kiraka cha bluu, chekundu au cha nailoni kwenye nyuzi ina gundi ya kiwandani. Kiraka kikishakwanguka, kitabu kwa kawaida kinataka bolti mpya. Baadhi ya vitabu huruhusu gundi ya bolti ya nguvu ya kati badala yake. Kama kinaruhusu, tia tone moja kwenye nyuzi safi, na lipe saa 24 kukomaa kabla ya kuendesha kwa nguvu. Gundi nyekundu ya kudumu haina kazi hapa. Na gundi yoyote isidondokee plastiki, kwa sababu aina nyingi hupasua plastiki polepole baada ya wiki kadhaa, wakati umeshasahau.

2. Inua mhimili na uanzishe bolti zote kwa vidole. Zote, kabla hujakaza hata moja. Kila bolti iingie mizunguko mitatu au minne bila kifaa. Ikigoma, haijanyooka: irudishe nyuma hadi usikie kijimlio inapoanguka kwenye uzi, ndipo uisogeze mbele. Angalia vile vibano vya juu vinavyoachia wakati wa ajali: vikae sawa kwenye nafasi zao, visiwe vimepinda wala kubanwa na waya. Waya ulionaswa kati ya mhimili na boriti utachunika baada ya miezi, na hitilafu yake ni ngumu kuipata.

3. Ingiza shafti kwenye krosi kabla ya kukaza mhimili. Linganisha alama zako. Kwenye shafti kuna mfuo au sehemu iliyochongwa ambamo bolti ya kubana hupita, na hapa ndipo kosa baya kuliko yote hufanyika. Kama shafti haijaingia yote, bolti hupita nje ya mfuo, krosi inabana, spana inalia klik sawasawa, na kila kitu kinaonekana kimekaa. Kisha siku moja shafti inachomoka gari likiwa mwendoni. Kipimo chake ni rahisi: bolti ya kubana lazima iteleze ndani yote kwa vidole, bila kuchomekwa kwa nguvu. Ikigoma, usiivute kwa spana. Sukuma shafti mahali pake. Ikishaingia, kabla hujaikaza, vuta shafti na krosi kwa mikono pande tofauti: isitoke.

4. Kaza mhimili kwa duru mbili. Duru ya kwanza, karibu nusu ya toki, ukienda kwa mshazari ili mhimili ukae bila kupinda. Duru ya pili kwa toki kamili, kwa mpangilio wa kitabu kama upo. Vitabu vingi hutaka goti la kurekebisha usukani liwe limefungwa, au usukani uwe kwenye nafasi fulani, wakati wa kukaza. Soma mstari huo. Sukuma spana taratibu na mfululizo, usiyumbishe. Klik moja, simama. Wale wanaopiga klik tatu "kwa uhakika" wanaongeza toki kila mara.

   Nafasi chini ya dashibodi ni finyu. Ekstensheni iliyonyooka haibadilishi kipimo. Kinachobadilisha ni spana ya kuongezea urefu kwa mbele. Ukiilaza kwa digrii 90 dhidi ya spana ya toki, kipimo hubaki kile kile. Ukiinyoosha mbele, zidisha toki kwa urefu wa spana ya toki, kisha ugawe kwa urefu wote. Mfano: toki ya Nm 25, spana ya milimita 250, kiongezeo cha milimita 50. Hesabu: 25 × 250 ÷ 300, weka spana kwenye Nm 20.8. Jointi ya kupinda nayo hula toki. Ikibidi, isipinde zaidi ya digrii 15 hivi.

5. Kaza bolti ya krosi kwa toki yake, kisha iwekee alama ya rangi inayopita kwenye kichwa cha bolti na kwenye krosi. Ukija kuchungulia baada ya wiki, alama itakuonyesha kwa sekunde moja kama imezunguka.

6. Kama umetoa kasha la loki ya ufunguo, bolti zake ni za kukatika. Hazina namba: kaza zote mbili sawasawa, hakikisha ufunguo unazunguka na loki inaingia na kutoka, kisha malizia hadi vichwa vikatike. Vikikatika kabla ya kujaribu ufunguo, una kazi ya kuchimba bolti.

7. Weka kloki springi katikati. Tairi zikiwa zimenyooka, zungusha kwa kidole hadi ikome taratibu, kisha irudishe kwa idadi ya mizunguko iliyoandikwa hadi alama mbili zikutane. Magari mengi ni takriban mizunguko miwili na nusu. Upande wa kuanzia hutofautiana: kwenye Toyota nyingi huanzia kushoto, kwenye Honda nyingi huanzia kulia. Isiyo katikati hukatika utepe mara ya kwanza unapokata kona hadi mwisho, na pamoja nayo huenda honi, swichi za usukani na mfuko wa hewa.

8. Rudisha usukani kwenye alama. Pitisha nyaya kwenye tundu lake zisibanwe, linganisha alama zako, anzisha nati kwa vidole. Safisha meno ya shafti. Usitie grisi isipokuwa kitabu kimesema. Shika usukani kwa mkono na ukaze kwa toki kamili. Nati ikiwa ya kujifunga yenyewe na inapita kwa vidole hadi mwisho bila ukinzani wowote, imechoka, itupe. Baadhi ya Volkswagen huruhusu bolti hiyo irudiwe mara kadhaa, na kila mara hupigwa alama ya panchi kichwani. Ihesabu kabla ya kuirudisha.

   Anayedhani nati moja haina jambo akumbuke mwaka 2018, Ford ilipoyaita magari takriban milioni 1.4 ya Fusion na Lincoln MKZ huko Amerika Kaskazini kwa sababu bolti ya usukani ingeweza kulegea na usukani ukatoka. Dawa ilikuwa bolti ndefu zaidi, yenye nyuzi zinazoshika zaidi na kiraka kikubwa zaidi cha nailoni.

9. Rudisha mfuko wa hewa. Gusa chuma tena. Chomeka viunganishi hadi visikike vimenasa, kisha sukuma vifungo vyao vya pili. Ndani ya kiunganishi kuna kibati kinachounganisha pini mbili kikichomolewa, ili umeme tuli usifyatue mfuko. Kikiingia nusunusu hubaki kimeziunganisha na taa ya SRS haizimi. Laza nyaya kwenye njia yake, sukuma mfuko mahali pake, na uanzishe bolti zote mbili kwa biti iliyoshikwa kwa vidole. Fremu ya usukani mara nyingi ni ya magnesiamu au alumini, laini, na uzi wake huliwa na bolti iliyoingia upande bila kutoa sauti. Kaza kidogo upande mmoja, kidogo mwingine, kisha toki kamili kwa spana ndogo. Nafasi kati ya kifuniko na usukani iwe sawa pande zote. Isipokuwa sawa, kuna waya chini yake.

10. Unganisha betri bila mtu ndani ya gari. Hasi mwishoni. Ukiwa nje, umesimama pembeni, nyoosha mkono kutoka mlangoni uzungushe ufunguo hadi ON, au bonyeza kitufe. Kichwa na kifua visiwe mbele ya usukani. Taa ya SRS iwake kwa sekunde kadhaa (Toyota ni kama 6) kisha izime. Ikizima, soma kodi hata hivyo, na futa zile za zamani tu.

11. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, injini ikiwa imewaka, ukisikiliza. Jaribu honi, swichi zote, loki, na goti la kurekebisha. Kisha endesha polepole mahali pasipo na watu kabla ya kuingia barabarani. Baada ya siku chache angalia alama za rangi. Usizikaze tena "kidogo tu" kama hazijasogea.

Mambo yanapokwenda kombo

*Taa ya SRS haizimi.* Asilimia kubwa ni kiunganishi cha njano kisichonasa, au kloki springi iliyokatika. Tenganisha betri, subiri tena muda wote ule, chomoa na uchomeke upya. Kodi ya "wazi" (umeme haupiti) huelekeza kwenye kiunganishi au utepe. Kodi ya "shoti" mara nyingi ni kile kibati cha ndani au waya ulionaswa. Usibadilishe mfuko kabla ya hapo.

*Taa ilizima, ikarudi baada ya kukata kona.* Kloki springi haikuwa katikati. Kama imeshachanika, haitengenezeki, ni mpya.

*Honi haifanyi kazi, au inalia yenyewe.* Waya wa honi haujachomekwa, au mfuko umekazwa huku springi za honi zimekaa vibaya. Kwenye usukani ambao mfuko wote husukumika kupiga honi, angalia usawa wa nafasi pembeni.

*Usukani umekaa upande gari likienda moja kwa moja.* Umeruka jino. Shafti yenye meno 36 hupinda digrii 10 kwa jino moja, kwa hiyo kosa la digrii 10 au zaidi ni la usukani au krosi: toa, rudisha. Kosa dogo kuliko jino moja hurekebishwa kwenye alainimenti. Usiruke jino ili kuficha alainimenti mbaya, kwa sababu unaihamisha kloki springi kutoka katikati.

*Taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza inawaka.* Kihisi cha pembe ya usukani kimepoteza sifuri betri ilipotolewa. Kwenye magari mengine hutosha kuzungusha usukani mwisho hadi mwisho kisha kuendesha moja kwa moja; mengine yanahitaji mashine.

*Mgongano mdogo unaosikika mikononi ukipita mashimo.* Anza na bolti ya krosi, kisha bolti za mhimili. Kama alama za rangi ziko pale pale, tatizo liko chini zaidi, kwenye reki ya usukani au tairodi, na kukaza zaidi huku juu hakusaidii.

*Usukani mzito au hauji wenyewe katikati.* Mhimili umekazwa ukiwa umepinda, au krosi imerudi nje ya alama yake. Legeza bolti zote za mhimili, uache ukae wenyewe, kaza tena kwa duru mbili.

*Bolti ya mfuko inazunguka bila kukaza.* Uzi wa fremu umeliwa. Gundi, bolti nene zaidi, au kuchonga uzi mpya kwenye magnesiamu si tiba hapo. Fremu ya usukani ndiyo inayobadilishwa. Mfuko hujaa kwa kama milisekunde 30 na hiyo bolti ndiyo inayoushikilia usije kwa dereva na chuma chake.

*Bolti imekatika kabla ya klik.* Soma tena kipimo cha kitabu na cha spana, kisha angalia kama kulikuwa na oili kwenye nyuzi. Kipande kilichobaki kitolewe mfuko ukiwa mbali, bila kuchomelea wala kupasha moto karibu na nyaya za njano, na bolti ya upande wa pili ibadilishwe pia, maana imevutwa kwa spana ile ile.